Bendera ya Tisa

Katika mji ule ilikuwa vigumu kumpata mtu ambaye hajawahi kusimama chini ya kitambaa kilichopita mikononi mwa Mama Bendera. Shule zilipandisha bendera alizozishona yeye. Timu za mpira, kwaya, kikosi cha zimamoto, hata chama cha wasukuma mikokoteni, kila kundi lilikuwa na bendera yake, na kila kundi liliiona kama uso wake. Vile vibendera vya pembetatu vinavyofungwa kwenye kamba na kuvutwa kutoka dirisha hili hadi lile siku za arusi na mahafali, navyo vilitoka kwake. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na tisa, mwembamba kama sindano yake, mwenye utani mkavu, na alikuwa ameshona kwa miaka thelathini na mmoja katika chumba kimoja kinachotazama barabara ya soko.

Mwaka huo mji ulikuwa unatimiza miaka hamsini tangu upewe hadhi ya mji. Kamati ya maandalizi iliamua yafanyike maandamano, na kila mtaa kati ya mitaa minane utembee nyuma ya bendera yake. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu aliyezoea kuandika kila kitu kwenye daftari, alifika dukani yeye mwenyewe kuleta kazi: bendera nane mpya na vibendera vya kutosha kuipamba barabara kuu nzima. Alimkumbusha fundi awe mwangalifu na rangi, hasa kijani cha Mtaa wa Juu na bluu ya Mtaa wa Chini. Mitaa hiyo miwili ilikuwa paka na panya tangu zamani. Mechi zao zilikuwa zikiishia kwa mawe, na wazee wao walikuwa wamepatanishwa majuzi tu, kwa kazi ngumu.

Fundi alicheka, akasema kwamba mtu akimfundisha samaki kuogelea, samaki huyo atakunywa maji kwa kumheshimu tu. Mwalimu naye akacheka, akaenda zake. Alipokwisha kutoka, kicheko kilimkauka fundi mdomoni.

Ukweli ni kwamba macho yake yalikuwa yakimwacha. Kwa miaka miwili dunia ilikuwa imejaa ukungu ambao haukuinuka. Nyeupe iliingia umanjano kama karatasi ya kale, taa zilipasuka mishale, na bluu nzito hakuweza tena kuitofautisha na kijani kibichi wala na nyeusi. Hakuna aliyejua. Alikuwa amebuni njia zake: majora ya vitambaa aliyapanga kwenye rafu kwa mpangilio aliokuwa nao kichwani, la kwanza jekundu, la pili la njano, la tatu bluu, la nne kijani, na kila rangi ya uzi ilikuwa na mkebe wake. Mkono ulihesabu badala ya jicho. Watu aliwatambua kwa sauti, kisha akawatania upesi ili wasimtazame sana usoni.

Alinyamaza kwa sababu alimjua bintiye. Binti yake wa pekee, karani katika ofisi ya maji, alikuwa akimsihi kila mara afunge duka akaishi naye. Alisema kwa mapenzi, lakini fundi aliisikia kama hukumu. Bila cherehani angekuwa nani? Mama Bendera asiye na bendera ni mama tu wa kukalishwa kwenye kiti na kuulizwa kama ameshakunywa chai. Basi alipiga moyo konde, akaanza kazi ya kamati zikiwa zimebaki wiki tatu.

Siku ya pili ya kazi hiyo, mvua ikinyesha, mwanamke mmoja alisimama mlangoni. Alikuwa wa makamo, viatu vyake vimejaa tope, na kichwani alibeba cherehani ya mkono iliyofunikwa kwa mfuko wa nailoni. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa chapachapa, lakini mashine ilikuwa kavu.

"Dada, sikuja kuomba chakula," alisema. "Naomba kona ya kuweka cherehani yangu. Kule tulikopewa mahema mvua inaingia, na chuma kikilowa kinakufa."

Fundi alielewa mara moja. Miezi minne kabla, mto ulikuwa umefurika na kufuta vijiji vya bondeni, na familia kama sitini zilihamishiwa kwenye uwanja wa wazi pembezoni mwa mji. Watu wa mjini waliwapelekea nguo na mablanketi wiki za mwanzo, kisha wakawazoea, na kuzoea ni nusu ya kusahau. Walikuwa wakiitwa wageni, jina moja kwa wote, mkubwa na mdogo.

Hakuuliza mengi. Labda ni ile namna mwanamke alivyoishusha cherehani, taratibu, kama anamlaza mtoto aliyekwisha kusinzia. Fundi mmoja humjua mwenzake kwa mambo kama hayo.

"Weka hapo dirishani," alimwambia. "Ila mimi huimba nikishona, na sauti yangu si nzuri. Ukiweza kuvumilia hilo, tutaelewana."

Jioni binti alipopitia dukani na kumkuta mgeni amejaa dirishani akishona sare za shule, alimvuta mama yake kando. Alilalamika kwamba mtu huyo hana mbele wala nyuma, hajulikani ametoka kwa nani wala anakwenda kwa nani, leo kapewa kona na kesho atataka chumba. Mama yake alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwamba hata yeye binti alipokuja duniani alikuja bila barua ya utambulisho, tena uchi, na bado alipewa kitanda. Binti akaondoka amenuna.

Wanawake wale wawili walielewana upesi. Mgeni alikuwa mtu wa maneno machache, na fundi alikuwa nayo ya kuwatosha wote wawili. Waligawana chai ya saa nne, wakagawana na kimya cha mchana. Mgeni aliona haya kukaa bure, kwa hiyo kila alipopata nafasi alifagia, akapangusa meza, akaokota pini sakafuni kwa sumaku. Asubuhi moja, fundi akiwa ameenda sokoni, alipanda kwenye kigoda akashusha majora yote, akayakung'uta vumbi, kisha akayarudisha kwenye rafu akianza na yale mapana hadi membamba. Alifurahi moyoni kwamba angalau ameufanyia wema mkono uliompokea.

Wiki hiyo fundi alimaliza bendera ya tatu, ya Mtaa wa Chini. Aliipiga pasi, akaitundika ukutani. Mgeni aliinua macho kutoka kwenye mashine yake, akaitazama kwa muda.

"Dada, Mtaa wa Chini wamebadilisha rangi?"

"Wabadilishe wapi? Ni bluu tangu enzi za babu zao."

"Hii ni kijani."

 Fundi aliivuta ile bendera, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaigeuzageuza, akainamisha kichwa upande kama kuku anayetazama punje. Hakuona kijani wala bluu. Aliona giza lenye pindo. Akauendea ukuta wa nyuma, mkono ukapapasa rafu, ukahesabu moja, mbili, tatu, na kila jora alilolishika lilikuwa pana au jembamba kuliko alivyolizoea. Hapo akafahamu kilichotokea, na hofu yake yote ikageuka hasira, maana hasira ni rahisi kuibeba.

Alimuuliza mgeni nani alimtuma aguse rafu ile. Alimwambia kwamba kama bendera hiyo ingepandishwa mbele ya watu, vijana wa Mtaa wa Chini wangeona wamevishwa rangi ya mahasimu wao kwa makusudi, na damu ingemwagika kwa sababu ya mtu aliyekaribishwa kona akajifanya mwenye nyumba. Alimwambia abebe cherehani yake aende. Maneno yalimtoka makali kiasi kwamba yeye mwenyewe aliyasikia kama ya mtu mwingine.

 Mgeni aliifunika mashine kwa mfuko wake wa nailoni, akaufunga kwa kamba, akaiinua. Alifika mlangoni akasimama.

"Nitaondoka, dada. Lakini kwanza niambie, macho yalianza lini?"

Fundi aliikunja ile bendera, akaikunjua tena.

"Mama yangu alikuwa akitutambua kwa nyayo," mgeni aliendelea, mzigo ungali mikononi. "Akitaka kuchagua dengu alikuwa anakwenda nazo mlangoni na kuinamisha kichwa hivyohivyo. Tulidhani ni uzee. Tulimwongoza kwa fimbo miaka minne, tukimwombea. Siku daktari alipofika kijijini akasema ugonjwa ule ni mtoto wa jicho na unaondolewa kwa nusu saa, mama alikuwa ametimiza mwaka kaburini. Mimi nimekuona tangu siku ya tatu, nikaogopa kusema kwa kuwa ni mgeni. Kosa la rafu ni langu. Lakini sikubali kunyamaza mara ya pili."

Barabarani mkokoteni ulipita, magurudumu yakilia. Fundi alikaa kwenye kigoda cha kukatia, mikono ikiwa mapajani, na machozi yakamtoka bila sauti. Miaka miwili alikuwa ameubeba mzigo ule peke yake, na sasa mtu mwingine alikuwa ameushika upande wa pili. Uzito ulipungua hapohapo, hata kabla ya dawa.

"Weka hiyo mashine chini," alisema mwishowe. "Nani amekuruhusu kuondoka?"

Mengine waliyapanga wakiwa wameketi pamoja. Mgeni alijua, kwa kuwa alikuwa amempeleka jirani yake wa hemani, kwamba madaktari wa macho hufika hospitali kuu kila Jumatano. Fundi alisema haiwezekani, siku zilizobaki ni kumi na mbili na kazi haijafika nusu. Mgeni akamwambia kwamba kushona anajua, asichojua ni mitaa. Basi mchana kutwa fundi alikaa akimweleza kila bendera: nyota ya Mtaa wa Stesheni ina ncha sita na si tano, mstari mweupe wa Mtaa wa Bustani hauvuki katikati, pindo la upande wa mlingoti likunjwe mara tatu, vitundu vya kupitishia kamba viwe vinne. Alizisoma kutoka kichwani kama mtu anayesoma majina ya watoto wake. Mgeni alisikiliza, akarudia kila kitu neno kwa neno.

Lililobaki lilikuwa kumwambia binti, na hilo lilikuwa gumu kuliko kumwambia daktari. Fundi alimpelekea habari mwenyewe nyumbani kwake. Alitarajia ushindi usoni mwake, lakini binti alishika mdomo. Alikumbuka mara ngapi alipita dukani mbiombio, simu sikioni, akamsalimia mama yake na kuondoka bila kukaa. Mtu aliyemwita hana mbele wala nyuma alikuwa ameliona kwa siku tatu lile ambalo yeye hakuliona kwa miaka miwili. Hata hivyo aliuliza, kwa sauti ya chini, kama ni busara kumwachia mgeni duka pamoja na bendera za mji mzima. Mama yake alimjibu kwamba mtu aliyemwambia ukweli akiwa na mzigo mkononi na anafukuzwa hahitaji mdhamini. Jumanne jioni alimkabidhi mgeni ufunguo wa duka mbele ya binti.

Upasuaji wa jicho la kwanza ulikuwa mfupi kama alivyoambiwa. Kesho yake asubuhi daktari alimbandua bandeji, akamwomba ahesabu vidole. Fundi alipepesa jicho. Mwanga uliingia kwanza, mweupe kweli, mweupe ambao alikuwa ameusahau, kisha mambo yakaanza kupata kingo zake. Hakuvitazama vidole.

"Daktari," alisema, "kifungo chako cha tatu kimeshonwa kwa uzi wa bluu, na koti ni jeupe. Nani amekufanyia hivyo?"

Daktari alijitazama kifuani, akacheka hadi muuguzi akaja kuchungulia. Binti aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda aliuficha uso wake begani kwa mama yake, akalia kama mtoto. Fundi naye alikuwa akimtazama, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba mwanawe ameanza kuota mvi mbili juu ya sikio.

Walirudi dukani baada ya siku mbili, fundi akiwa na miwani nyeusi. Bendera nane zilikuwa zimekunjwa mezani, kila moja na karatasi yenye jina la mtaa wake. Vibendera vilikuwa vimejaa magunia mawili. Mgeni alisimama kando, akinyonga ncha ya mtandio wake, mfano wa mtahiniwa anayesubiri majibu. Fundi alivua miwani, akazikunjua moja moja. Aliitazama bluu ya Mtaa wa Chini kwa muda mrefu, akaipitisha shavuni. Ncha za nyota zilikuwa sita. Mshono ulikwenda moja kwa moja bila kutetereka.

Kisha akageuka, akaiona kazi yake mwenyewe ya miaka miwili iliyotundikwa ukutani kama mifano. Uzi mwekundu kwenye kitambaa cheupe. Mistari iliyopinda kama njia ya ng'ombe. Bendera ya kwaya, ambayo aliifahamu kwa mkono kuwa ni nakala ya ile aliyowashonea, ilikuwa na herufi moja iliyosimama kichwa chini. Akakumbuka jinsi mama wa kwaya alivyoipokea ile yao yenye kosa hilohilo, akamshukuru, akasifu, akaondoka. Wote waliona. Wote walimstahi, wakanyamaza. Fundi alicheka hadi akashika meza, na kicheko kilipoisha alibaki na kitu kingine kifuani, shukrani nzito ambayo hakujua amwanzie nani.

Aliamua kumwanzia aliyekuwa karibu. Alimuuliza mgeni, siku ya maandamano yeye na wenzake watatembea nyuma ya bendera ipi. Mgeni alimjibu bila uchungu kwamba waliambiwa wafuate mwisho, nyuma ya mtaa wowote, kwa kuwa hawamo kwenye orodha.

"Una siku nne," fundi alisema. "Nenda kawaulize wenzako wanataka nini kwenye kitambaa."

Kule mahemani palizuka mjadala. Wengine walitaka mto, kwani ndio uliowalea. Wengine walisema mto huo ndio uliowazika ndugu zao, na hawatautembeza juu ya vichwa vyao. Mwishowe bibi mmoja aliwakumbusha kwamba siku waliyoshushwa uwanjani, kabla ya kusimamisha hema hata moja, kila familia ilitafuta mawe matatu ikawasha moto. Hilo hakuna aliyelipinga. Mgeni alirudi na habari hiyo, na fundi akakata kwa mkono wake, jicho moja likiwa zima na la pili likingoja zamu yake, mafiga matatu meupe juu ya kitambaa chekundu kama udongo. Waliishona pamoja, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wakakutana katikati.

Mwenyekiti alipokuja kuchukua kazi alihesabu bendera, akafungua daftari, akahesabu tena. Alieleza kwa upole kwamba orodha ni ya mitaa minane na imekwisha kupitishwa.

"Mwalimu," fundi alisema, "kati ya hizi nane, nyingi sikuzishona mimi. Nilikuwa kipofu, na kama si mtu huyu, Mtaa wa Chini ungetembea na kijani. Bendera zenu zimeshonwa na mwanamke asiye na bendera. Ukiona hiyo ya tisa haifai, ziache zote, nitawaeleza watu mwenyewe."

Mwalimu alivua miwani akaifuta. Alimtazama fundi, akamtazama mgeni aliyekuwa ameinamisha macho, akaonekana kuhesabu tena, safari hii si bendera. Kisha akatoa kalamu mfukoni, na chini ya mstari wa nane akaandika wa tisa. Alimuuliza mgeni mtaa wao unaitwaje. Mgeni alisema haujapata jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Siku ya maandamano kulikucha na upepo wa kutosha. Vibendera vilivuka barabara kuu kutoka paa hadi paa, vikipigapiga kama viganja vya watoto. Mtaa wa Juu ulipita na kijani chake, Mtaa wa Chini ukapita na bluu yake, na wazee wa pande zote mbili wakapungiana mikono. Fundi alikuwa ametengewa kiti jukwaani pamoja na wageni wa heshima. Hakukikalia. Alisimama pembeni mwa barabara na bintiye, akiitambua kila bendera ingali mbali, akizitaja kwa sauti hadi watu wa karibu wakaanza kumcheka.

Mwisho kabisa yakaja mafiga matatu. Watu wa mahemani walitembea kwa woga mwanzoni, wakitazama chini. Kisha mtu mmoja akapiga makofi, akafuata mwingine, na barabara nzima ikaitikia. Mgeni ndiye aliyeshika mlingoti. Alipofika walipokuwa, binti alitoka kwenye umati, akamshika mkono.

"Mama mdogo, umechoka," alimwambia. "Niruhusu nikusaidie."

Wakaushika mlingoti wote wawili. Fundi akaingia barabarani, akajiunga nyuma yao katikati ya watu wasiokuwa na jina la mtaa, mwenyeji peke yake miongoni mwa wageni, na akatembea nao hadi uwanjani. Huko mwalimu alimpa kipaza sauti aseme neno. Fundi aliutazama umati, nyuso zote zikiwa na macho, pua na tabasamu kama zinavyopaswa kuwa.

"Nilimpa kona ya dirisha," alisema, "naye akanipa dirisha lenyewe. Nawashukuru nyote mlionistahi nilipokuwa sioni. Huyu namshukuru kwa kuwa hakunistahi."

Akamrudishia mwalimu kipaza sauti. Hakukuwa na haja ya kuongeza neno, maana kila aliyekuwepo uwanjani alijua tayari maneno yanayofuata, yale waliyoyasikia tangu utotoni na siku ile wakayaona yakitembea kwa miguu: mgeni njoo, mwenyeji apone.